Timu imeshinda mechi zote 13 na bado si bingwa, hii inawezekana aje?

msee_wa_umoja:
Wadau niaje. Niko na binamu yangu Orlando kule Florida, na kila akipiga simu lazima ataje timu ya chuo alichosomea, UCF, ati msimu wa 2017 walishinda mechi zote 13 wakawa mabingwa wa Marekani kwa ile futiboli yao ya helmeti. Sasa nimesema hivyo kwa kinyozi jana, jamaa mmoja akatoa simu akanionyesha bingwa wa msimu huo ni Alabama, na hao Alabama wenyewe walikuwa wamepigwa mechi moja! Watu wakanicheka vizuri. Kwani timu haijafungwa inakosaje kombe? Gor 2015 walimaliza ligi bila kufungwa na kombe likaja, hakuna kamati iliulizwa.

kocha_wa_mtaa:
Shida ni kwamba kule hakuna jedwali moja kama la Gor. Vyuo vya daraja la juu ni kama 130 na kila kimoja kinacheza mechi kama 12 za kawaida, kwa hivyo wengi hawakutani hata siku moja. Enzi hizo kulikuwa na kamati ya watu 13, wanakaa, wanachagua timu nne tu za kucheza nusu fainali, basi. UCF wakawekwa namba 12 juu ligi yao ilionekana ya vibonde.
Sasa sikia utamu. Novemba hiyo Auburn, chuo kingine, alikuwa amechapa Georgia 40-17 na Alabama 26-14. Januari 1, 2018 UCF wakakutana na huyo huyo Auburn pale Atlanta wakamlaza 34-27. Wiki moja baadaye, uwanja ule ule, fainali ni nani na nani? Alabama na Georgia 😂 Alabama akabeba 26-23 kwa muda wa ziada.

baba_shiru:
Hizo hesabu za fulani alipiga fulani mimi sizitaki, mkiendelea hivyo mtafika mahali timu ya kijijini kwetu imeshinda Brazil. Georgia alirudi Desemba akamlipa Auburn 28-7 kwa fainali ya ligi yao, hiyo mbona hausemi? Na hao UCF walikuwa wanavuja. USF waliwasawazishia 42-42 mechi ikielekea kuisha, kama si Mike Hughes kudaka mpira wa kuanzisha na kukimbia nao yadi 95 hadi mwisho tungekuwa tunaongea mambo ingine. Wiki iliyofuata Memphis, 62-55, muda wa ziada mara mbili. Difensi ya kufungwa 55 unaipeleka kwa Alabama kufanya nini?

njeri_wa_kasarani:
Baba Shiru wewe una roho ngumu aki. Hiyo timu 2015 ilicheza mechi 12 ikapoteza zote 12, miaka miwili baadaye haishikiki! Na kwa hiyo difensi unadharau kulikuwa na Shaquem Griffin, alikatwa kiganja cha mkono wa kushoto akiwa na miaka 4, na dhidi ya Auburn ndiye alitajwa mchezaji bora wa difensi. Alipoenda kupimwa na timu za ligi ya kulipwa akafungiwa mkono wa bandia akainua chuma ya kilo mia moja na kitu mara 20, halafu akakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.38. Seattle Seahawks wakamchukua. Unaongea difensi gani sasa?

msee_wa_umoja:
Njeri umenipa silaha 🔥 lakini nani aliwapa ubingwa, ama walijipatia?

kocha_wa_mtaa:
Walijipatia hahaha. Chuo kilijitangaza chenyewe, wakafanyiwa gwaride Disney, wakapandisha bango kwa uwanja. Lakini si maneno matupu, daraja hilo NCAA, kile chama kinasimamia michezo ya vyuo, yenyewe haitoi kombe, kitabu chake cha rekodi kinataja wale wamechaguliwa na mifumo inayotambulika, na mmoja wa hiyo mifumo, wa kompyuta unaitwa Colley, uliweka UCF namba moja. So ukifungua hicho kitabu 2017 utakuta Alabama na UCF wote.

baba_shiru:
Kompyuta moja. Bingwa asiye na maswali ni LSU wa 2019 na mrusha mpira wao Joe Burrow, mechi 15 ushindi 15, fainali akampiga Clemson 42-25. Huyo hakuhitaji kujitangaza.

njeri_wa_kasarani:
Kwa sababu aliruhusiwa kucheza! UCF wangefungwa na Alabama sawa, lakini wafungwe uwanjani. Hata Florida State 2023 walifika 13-0 wakaachwa nje, na hao walikuwa wa ligi kubwa. Angalau tangu msimu wa 2024 zinaingia timu 12.

kocha_wa_mtaa:
Ni kweli, na sasa bingwa anaweza kucheza mpaka mechi 16 ama 17, kumaliza bila kufungwa itakuwa kazi ya punda. Mwenye anataka kuona fainali ajipange mapema, huku kwetu inaanza kama saa tisa na nusu usiku.

baba_shiru:
Mimi nitaamka, bora stima isipotee.