Mdogo wangu anaanza kemo: kugandisha kipande cha ovari kunafaa?

Mwana Nachi: Wakuu, heshima zenu. Mdogo wangu ana miaka 22, hajaolewa, tuko Nachingwea. Majibu ya kipimo cha kinyama walichomkata yanasema saratani ya mitoki, Hodgkin, na ana rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar. Nasikia kemo, yaani dripu za dawa ya saratani, inaua mayai, ila kipande cha ovari kinaweza kugandishwa na akipona kikarudishwa. Bi mkubwa anataka tusubiri kwanza pesa ya mnada wa korosho. Wajuzi?

Mchinga Moja: Kabla ya hela, muulizeni daktari majina ya dawa. Ikiwa ni mchanganyiko wa dawa uitwao ABVD, ovari za binti wa umri huo kwa kawaida huhimili, na upasuaji huenda usiwe na haja. Ikiwa ni mchanganyiko mkali zaidi uitwao BEACOPP, dawa ya siklofosfamaidi kwa wingi, au mionzi ya nyonga, hapo kuna hoja. Mnada msisubiri, wala msicheleweshe kemo.

Mwambao: Kwa laparaskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo tumboni, hutolewa ovari moja au sehemu yake. Maabara huondoa nyama ya ndani, libaki ganda la nje lenye unene wa milimita 1 hadi 2, kwani mayai machanga yamejaa humo. Ganda hukatwa vipande, hulowekwa kwenye dawa ya kuzuia barafu, hugandishwa polepole kwa mashine, kisha huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi −196. Friza ya kawaida haifai, chembe za barafu huchana seli. Kikisafirishwa kibichi hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi bila kuganda, na ni suala la saa, si siku. Kwa hiyo asikatwe Lindi wala Mtwara kabla maabara ya kupokea haijakubali.

Shida kubwa ni wakati wa kurudisha. Kipande hakina mishipa ya damu, mayai mengi hufa kabla damu haijafika. Ndiyo maana waliozidi miaka 35 wengi hukataliwa. Kikishika, hedhi hurudi baada ya miezi 4 hadi 6 hivi. Mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Ubelgiji mwaka 2004.

Mwana Nachi: Kugandisha mayai yenyewe je? Na saratani haitarudi na kipande?

Mchinga Moja: Mayai ni njia nzuri, ila ni sindano za siku 10 hadi 14 kabla ya dripu ya kwanza. Kipande hakingoji sindano. Kwa Hodgkin hatari ya kurudisha saratani ni ndogo. Wa saratani ya damu ndio hasa wa kuogopa. Kitu ambacho watu husahau: kama ana uvimbe kifuani, mtu wa usingizi aone picha ya kifua kwanza. Akilazwa chali kwa nusukaputi, uvimbe unaweza kubana njia ya hewa.

Bi Mtama: Mtatajiwa pia goserelini, sindano ya homoni ya kupumzisha ovari, miligramu 3.6 chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, ya kwanza angalau wiki moja kabla ya kemo. Ushahidi wake mzuri uko kwenye saratani ya matiti. Kwa mitoki ni dhaifu, msiihesabu kama kinga. Faida nyingine ni kuzuia hedhi nzito chembe za kugandisha damu zikishuka. Kwenye barua ya rufaa daktari aandike kabisa: hajazaa, anahitaji ushauri wa uzazi kabla ya dripu ya kwanza.