Kituo cha nne

Kikundi: Majirani Mbezi

[19:38] Baba Neema: Majirani, habari za jioni. Kuna mwenye intaneti nzima huko? Kwangu inazunguka tu. Neema anatuma maombi ya chuo, mwisho leo saa sita usiku.

[19:39] Mama Zawadi: Nzuri baba Neema. Kwangu hivyohivyo tangu magharibi. Nimezima ruta na kuwasha mara tatu.

[19:41] Baba Neema: Nimewapigia wenye faiba, wanasema zima, subiri dakika tano, washa. Nishafanya. Taa za ruta zote kijani.

[19:44] Mjumbe: Hizo ni nyaya za baharini tena. Mnakumbuka Mei 2024, EASSy na Seacom zilivyokatika siku moja tukabaki tunasuasua?

[19:46] Idi: Shikamooni wazee wangu. Tusikisie kwanza, njia yenyewe tunaweza kuiuliza. Mwenye kompyuta ya Windows afungue cmd, kwenye lile dirisha jeusi aandike tracert -d 8.8.8.8 (hiyo ni anwani ya kompyuta ya Google) halafu Enter. Picha ya skrini ailete hapa.

[19:47] Mjumbe: Marahaba mwanangu. Haitaingiza virusi?

[19:48] Idi: Hapana mzee, imo humohumo kwenye Windows. Ya kwanza ya aina hii aliiandika Van Jacobson kule Marekani miaka ya 1980, na mafundi wa mtandao wanaitegemea hadi leo.

[19:55] Mama Zawadi: Picha inagoma kupanda, nanakili kwa mkono (ms ni milisekunde, sehemu ya elfu ya sekunde).
1: 1 ms, 1 ms, 1 ms
2: 4 ms, 3 ms, 4 ms
3: * * *
4: 412 ms, *, 398 ms
5: 405 ms, 417 ms, *
6: *, 409 ms, 411 ms
7: 414 ms, 402 ms, * (hii ndiyo 8.8.8.8)
Namba 3 ni nyota tupu. Si ndipo palipokatika?

[19:59] Idi: Hapana mama, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Chukulia unatuma vijana Posta. Wa kwanza unampa nauli ya kituo kimoja, anashushwa Kimara, anakupigia: nimeishia Kimara. Wa pili nauli ya vituo viwili, anapiga kutoka Ubungo. Wa tatu Magomeni. Ukiwasikiliza wote umeijua njia nzima, na nani kachelewa wapi.

[20:01] Idi: Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, nayo inabeba namba, inaitwa TTL. Kila ruta inayopitiwa njiani, ndiyo kituo chetu, inaipunguza moja. Ikifika sifuri, ruta inaitupa pakiti na kumrudishia aliyetuma taarifa, pamoja na anwani ya ruta hiyo. Kompyuta inaanza na 1, halafu 2, halafu 3, mwisho 30, na kila kituo inatuma pakiti tatu. Ndiyo maana mnaona muda mara tatu.

[20:02] Idi: Nyota maana yake kijana hakupiga simu. Ruta nyingi zimepangwa zisijibu. Lakini wa kituo cha 4 na cha 5 wamepiga, nao wamepita hapohapo kwenye cha 3. Pangekuwa pamekatika, nyota zingeshuka mfululizo hadi chini.

[20:04] Baba Neema: Yangu imemaliza, inafanana. Kituo cha 2 ni 3 ms, cha 4 ni 420. Hapo mbona imeruka sana?

[20:07] Idi: Hapo hasa baba. Kingekuwa cha 4 peke yake nisingejali, maana ruta yenye kazi nyingi hupitisha kwanza mizigo ya watu, maswali yetu inayajibu baadaye. Lakini 5, 6 na 8.8.8.8 yenyewe ziko juu vilevile, na kila mstari unadondosha pakiti. Kuchelewa kumeanzia 4 na kumeendelea hadi mwisho. Nani ana laini ya kampuni nyingine?

[20:12] Dada Rehema: Mimi. Nimeunganisha kompyuta na hotispoti ya simu, 8.8.8.8 imejibu kwa 38 ms, hakuna nyota mwishoni. Neema aje kwangu sasa hivi, bando lipo.

[20:13] Baba Neema: Asante sana dada. Anakuja na kompyuta.

[20:18] Mama Zawadi: Idi, nimejaribu na ile tovuti ya hapa Dar uliyonitumia inboksi. 9 ms.

[20:22] Idi: Basi ndani ya nyumba pazima, waya wa mtaani mzima, ndani ya nchi pazima. Wenye faiba wamekwama mlango wa kwenda nje, kuanzia kituo cha 4. Sisemi ruta ya 4 ndiyo mbovu, kwa sababu muda huo ni wa kwenda na kurudi, na pakiti inaweza kurudi kwa njia nyingine. Mjumbe, chanzo kinaweza kuwa baharini kweli, ila kampuni ya dada Rehema inapita.

[20:25] Idi: Baba Neema, waandikie hivi: "Nyumba mbili Mbezi, saa 1:55 na saa 2:04 usiku. Kituo cha 2 ni 4 ms, kuanzia cha 4 ni kama 400 ms, pakiti zinapotea hadi mwisho. Ndani ya nchi ni 9 ms. Mtandao mwingine unafika 8.8.8.8 kwa 38 ms." Ambatanisha na picha. Anayepokea simu akiambiwa intaneti mbovu hana pa kuanzia. Ukimpa kituo na saa, anampelekea mhandisi.

[21:16] Dada Rehema: Maombi ya Neema yameingia. Namba ya uthibitisho amepata.

[21:17] Mama Zawadi: Alhamdulillah.

[21:52] Baba Neema: Mhandisi amenipigia mwenyewe. Njia yao kubwa ya nje imeanguka jioni, wateja wote wakahamia ya akiba, ikajaa. Wanaongeza nyingine.

[22:47] Mama Zawadi: Idi, nimerudia. Cha 4 sasa 13 ms, 12 ms, 13 ms. Lakini cha 3 bado nyota.

[22:48] Idi: Hicho ndivyo kilivyo mama. Lala salama.