Kisu chepesi cha kukunja kwa safari za begi mgongoni: tupeane uzoefu

Nyayo Ndefu
Wakuu, habari za muda huu. Kuna mwenzetu kaniuliza achukue kisu gani kwa safari ya siku kadhaa kwa miguu, nyumba yake yote iko mgongoni na kila gramu inahesabiwa. Nikaona jibu langu peke yangu halitoshi.

Mimi ni mtu wa Opinel namba 8, kile kisu cha kukunja cha Kifaransa. Bapa lina sentimita 8.5, kisu kizima ni gramu 45 hivi, mpini wa mti. Ile pete ya shingoni aliyoibuni Marcel Opinel mwaka 1955, ukiizungusha tu bapa halijifungi. Kinakata kamba, kinachonga vijiti vya kuwashia moto, na kinanoleka upesi. Nyie mnabeba nini, na kimewasaidia au kuwaangusha wapi?

Mzigo Mwepesi
Victorinox Classic SD, kile kijikisu cha Uswisi chenye mkasi. Gramu 21, milimita 58 ikiwa imefungwa. Jiulize kwa ukweli unakata nini huko porini: plasta, uzi, pakiti, kucha. Mkasi ndio unafanya kazi, bapa ni nyongeza.

Bi Kilele
Mkasi! Aliyewahi kukata plasta ya malengelenge ya kisigino kwa kisu anajua.

Mvua ya Masika
Namba 8 ni kisu kizuri, simpingi mleta mada, lakini atuambie na upande wa pili. Mpini ule ni mti, na mti ukinywa maji unavimba. Mvua ikikesha, asubuhi bapa limebanwa ndani halitoki kwa kucha. Dawa yake ni kugonga kitako cha mpini kwenye jiwe au gogo, bapa linachungulia, unalivuta. Na kabla ya safari upake mpini mafuta, hasa kwenye ule mfereji bapa linapolala. Jambo jingine: zipo za chuma cha kaboni na zipo za chuma kisichoshika kutu. Za kaboni zinanoleka vizuri sana, ila ukilala nacho kibichi kesho kina madoa. Anayeanza achukue isiyoshika kutu.

Kidole Gumba
Mmenikumbusha mbali. Nilikuwa na kisu chenye loki ya bati, ile ya kijibati chembamba ndani ya mpini kinachoegemea kitako cha bapa. Mkanda wa begi ulikuwa umechanika, nikawa natoboa tundu ili nipitishe kamba. Nasukuma ncha, nazungusha, nasukuma. Loki ikaachia. Bapa likarudi lote juu ya kidole cha shahada, na kwa kuwa mkono ulikuwa bado unasukuma, nilijikandamizia makali mwenyewe kabla akili haijafika. Niliona weupe kwanza, damu ikaja baadaye. Kutoka pale hadi barabarani ni mwendo wa siku nzima, nilitembea mkono uko juu ya kichwa.

Jioni mwenzangu alikifungua akamulika kwa taa ya kichwani. Pale bati linapoegemea bapa palikuwa na punje za mchanga zimejipanga, bati lilikuwa linashika ukingoni tu. Kwa hiyo usitazame gramu peke yake. Fungua kisu, tazama bati limeingia kiasi gani nyuma ya bapa, pulizia uchafu utoke, kisha gonga mgongo wa bapa taratibu kwenye mti, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijifunga hapo, hakifai.

Chuma Kimoja
Ndiyo maana mimi nasema kisu cha kukunja ni kisu kilichokwishavunjika katikati. Beba kisu kisichokunjwa, kidogo, kwenye ala. Hakuna loki, hakuna mchanga, hakuna kidole.

Mzigo Mwepesi
Mada ni kisu cha kukunja, mkuu. Soma kichwa cha uzi.

Chuma Kimoja
Nimekisoma. Vipo visu visivyokunjwa vyepesi kuliko hicho cha kwako cha kukunja. Watu waambiwe.

Maji ya Magoti
Hiki ninachoandika huwa sipendi kukisimulia.

Tulikuwa watatu, tunavuka mto. Juu huko ilinyesha usiku kucha, maji yamekuwa rangi ya udongo, huoni unapokanyaga. Vifungo vya kiuno na kifua nilishavifungua, kama inavyotakiwa, ili nikianguka begi litoke haraka. Katikati mguu ukateleza, nikakaa. Maji yakalidaka begi, bega moja likachomoka, la pili likabaki. Ule mkanda wa kiunoni, uliokuwa unaning'inia kwa kuwa nimeufungua, ukaenda kujisokota kwenye tawi la mti uliolala chini ya maji. Sasa begi limenasa kwenye mti, mimi nimenasa kwenye begi, na mto unanisukuma mgongoni. Kila nikiinuka nalazwa. Maji yako kidevuni, likija wimbi yanapita puani.

Mkono wa kushoto umeshika tawi. Nikiliachia naingia chini ya ule mti. Kisu kiko mfuko wa kaptura upande wa kulia, nimekifikia, nimekitoa. Lakini ni cha kufunguliwa kwa kucha, kile chenye kijimfereji kwenye bapa, kinataka mikono miwili. Nikakipeleka mdomoni, nikang'ata bapa, nikavuta mpini. Meno yakateleza. Nikang'ata tena kwa magego, safari hii bapa likatoka nusu, nikalimalizia kwa kusukuma mgongo wake kwenye paja. Mkanda wa bega ulikuwa umekazwa na maji kama waya wa gitaa, makali yalipogusa tu ukakatika. Begi likaenda zake, nami nikapelekwa mpaka wenzangu waliponidaka kwa fimbo ya kutembelea.

Tangu hapo sibebi kisu ambacho siwezi kukifungua kwa mkono mmoja, gizani, vidole vimekufa ganzi. Gramu baadaye.

Bi Kilele
Pole sana kaka. Nimesoma nimeshika pumzi. Mungu ni mwema.

Mvua ya Masika
Dah! Magego. Pole mkuu.

Mzigo Mwepesi
Pole. Ila tuseme lililo kweli: mto wa rangi ya udongo hauvukwi. Unakaa, unasubiri maji yashuke. Hapo tatizo halikuwa kisu.

Bi Kilele
Mtu katoka kinywani mwa mauti wewe unamfungulia mashtaka?

Mzigo Mwepesi
Dada yangu, simshtaki yeyote. Yupo anayesoma hapa leo, kesho anavuka. Asiondoke akiamini kisu cha mkono mmoja ni ruhusa ya kuingia mafurikoni.

Maji ya Magoti
Yuko sahihi kwa anayeweza kusubiri. Nyuma yetu njia ilikuwa imeporomoka na bado mvua inanyesha. Siku hizi nikishafungua vifungo, ncha za mkanda nazichomeka nyuma ya mto wa kiunoni wa begi zisielee.

Chuma Kimoja
Kisu kwenye ala, kimening'inia shingoni. Ungekitoa kwa mara moja.

Kidole Gumba
Kamba shingoni ndani ya mto wenye matawi? Hapana aisee. Hiyo nayo ni kitanzi. Kifuani, kwenye mkanda wa begi.

Mvua ya Masika
Kwenye begi tena, wakati begi ndilo linakwenda na maji?

Bapa Moja
Kwa anayetaka cha mkono mmoja bila uzito: Spyderco Dragonfly 2 ya mpini wa plastiki, gramu 34, ina tundu la duara kwenye bapa, unasukuma kwa kidole gumba hata ukiwa na glavu. Benchmade Bugout ina gramu 52 na bapa la sentimita 8.2, na mpini wake unatosha mkono mzima kushika. Wanaopita baharini na kwenye maji ya chumvi watafute zile Salt za Spyderco, chuma chake kutu haikipati kwa urahisi.

Na kinoeni! Aron Ralston, yule aliyebanwa mkono na jiwe huko Utah mwaka 2003, alikuwa na kijikisu butu cha bei rahisi. Ili aukate mkono ajiokoe, ilibidi aivunje mifupa kwanza kwa uzito wa mwili wake, kwa kuwa bapa lisingeweza kuikata. Kipande kidogo cha kinoo hakikuzidishii mzigo.

Mpaka na Mpaka
Kabla hamjanunua, sheria. Uingereza unaruhusiwa kutembea bila kuulizwa sababu na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, na kisiwe na loki. Chenye loki, hata kiwe kidogo, uwe na sababu ya kueleweka. Ujerumani tangu 2008 wamebana visu vyenye loki vinavyofunguliwa kwa mkono mmoja. Na kwenye ndege kisu kinaingia kwenye mzigo wa chini, si begi unalopanda nalo.

Kidole Gumba
Kwa hiyo Mwingereza asiyetaka kuulizwa abebe kilekile kinachoangukia vidole?

Mpaka na Mpaka
Safari ya porini ni sababu ya kueleweka. Ila kikae ndani ya begi ukiwa mjini, kisikae mfukoni.

Chuma Kimoja
Naomba nizungumzie na wanaopasulia kuni kwa kisu cha kukunja, wanaweka bapa juu ya gogo na kugonga mgongo wake kwa rungu. Kila pigo linakula ile pini ambayo bapa linazungukia. Baada ya hapo bapa linacheza kushoto kulia, loki haikai tena. Tafuta vijiti vikavu vya kuvunja kwa mkono.

Nyayo Ndefu
Hapa tumeelewana, Chuma Kimoja.

Shoto
Natumia mkono wa kushoto na sijaona aliyetutaja. Loki ya bati imetengenezwa ili gumba la kulia liisukume. Sisi tunachukua nini?

Bapa Moja
Loki ya mgongoni, ile unayobonyeza juu ya mpini. Haijali mkono. Dragonfly niliyoitaja ni ya aina hiyo, na tundu lake linapenya bapa pande zote mbili. Klipu ya kuning'iniza mfukoni nayo inahamishika, ihamishe kabla ya safari.

Nyayo Ndefu
Na pete ya Opinel unaizungusha kwa mkono wowote. Shoto, ukishakipata kishike ukiwa umevaa glavu mvua, ndipo uamue.