Mafundi wa Arusha, acheni kukata shafti ya mota ili iingie kwenye kaplingi! Nimepoteza mota, nimepoteza na nyanya

Wakuu, habari za jioni. Nilisubiri siku mbili hasira ipungue ndipo niandike, haijapungua, kwa hiyo mnivumilie. Hapa mezani kwangu kuna kipande cha shafti ya mota, ile fimbo ya chuma inayozunguka, urefu wa kidole, bado kimeng'ang'ania ndani ya nusu ya kaplingi, kile kiungo kinachounganisha shafti ya mota na ya pampu. Hicho ndicho kilichobaki cha laki tisa yangu.

Nalima nyanya na vitunguu Mbuguni. Maji nayavuta kwa pampu iliyokuwa na mota ya kilowati 4, fezi tatu, yaani ya umeme wa nyaya tatu. Usiku mmoja fezi moja ikakata, mota ikaunguruma mpaka ikaungua. Kuisuka waya upya nikaambiwa wiki mbili. Nyanya zilikuwa kwenye maua, na aliyewahi kulima nyanya anajua maua hayasubiri wiki mbili bila maji. Nikazunguka mjini, ya kilowati 4 sikuipata, nikanunua ya mtumba ya kilowati 5.5, mizunguko ileile ya 2900 kwa dakika.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kisa. Mota ya zamani ilikuwa na shafti ya milimita 28, hii mpya ina 38. Na kimo nacho kinatofautiana: kutoka chini ya miguu hadi katikati ya shafti, ya zamani ni milimita 112, mpya ni 132. Kwa hiyo kazi ni mbili, kaplingi ikae kwenye shafti ya 38, na pampu ipandishwe milimita 20 ili shafti mbili zitazamane sawasawa.

Nikaipeleka mota na kaplingi nzima kwenye karakana moja mjini hapa, jina siliandiki. Nikamweleza fundi mkuu yote hayo. Akanijibu, "Mama, hii kazi ndogo, tunachonga kwenye leithi, kesho saa nne uje uchukue." Leithi ni mashine inayozungusha chuma huku ikikichonga kiwe duara. Elfu sabini, nikalipa yote.

Kesho yake niliwahi, saa mbili na nusu nipo mlangoni. Mota imefungwa kamba kwenye meza ya chuma, imeunganishwa umeme, inazunguka kwa kasi yake yote, na kijana amechuchumaa mbele yake ameshika grenda kwa mikono miwili anailaza juu ya shafti. Hana miwani, hana glavu. Cheche zinaruka hadi ukutani, na nyingine zinarudi mlemle kwenye beringi ya mbele. Nilipiga kelele zima, zima! Fundi mkuu akatoka nje: "Mama usiwe na wasiwasi, leithi ina tatizo kidogo, hii njia tunaitumia siku zote." Siku zote! Yaani kuna watu wangapi mjini humu mota zao zimefanyiwa hivi bila wao kujua?

Nilikuwa nimechelewa, chuma kilishaliwa. Na kii je, kile kipande cha chuma kinachozuia kaplingi isiteleze kwenye shafti? Shafti ya 38 ina njia ya kii yenye upana wa milimita 10 na kina cha milimita 5. Ukiishusha kutoka 38 hadi 28 umekula milimita 5 kuzunguka pande zote. Njia ya kii imeisha yote, imebaki fimbo laini isiyo na pa kushikia. Badala ya kukata njia mpya, wakatoboa kaplingi ubavuni, wakaweka bolti ya kubania, wakachomelea nukta tatu juu yake. Chini ya pampu wakaja kufunga vipande vya mbao. Mbao, mahali ambapo maji yanamwagika kila siku!

Mtauliza kwa nini nilikubali. Shafti ilishakatwa, hela nilishatoa, na shamba lilikuwa linakauka. Nilikubali.

Ilidumu siku 11. Siku ya kwanza tu niliweka mkono juu ya pampu, mtetemo ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Siku ya nne ule mpira wa nyota katikati ya kaplingi ulikuwa umesagika, chini kuna unga mweusi kama masizi. Nikanunua mwingine, nao ukaisha kabla ya wiki. Halafu beringi ya mbele ikaanza kulia. Siku ya 11 saa kumi jioni tukasikia paa, mota inazunguka peke yake, pampu imesimama.

Mdogo wangu amesoma ufundi mitambo. Alikuja na venia, kifaa cha kupimia unene, akapima kile kipande mbele yangu: 28.1, akageuza robo, 27.4, akaenda kwenye ncha, 26.9. Hiyo si duara, ni yai. Kisha akanionyesha uso wa pale palipokatika. Imekatika palepale 38 inaposhukia kwenye 28, kwenye kona kali kama ya ngazi. Ukiutazama kwenye mwanga unaona mistari laini inayofuatana, kama ile iliyo mgongoni mwa kombe la baharini, halafu kuna sehemu ndogo yenye chengachenga kama sukari. Ile mistari ni ufa uliokuwa unatembea polepole siku zote hizo, na zile chenga ndipo chuma kilipokata tamaa. Mbao zilivyolowa pampu ikakaa upande, shafti ikawa inapindwa kila inapozunguka. Mizunguko 2900 kwa dakika ni 174,000 kwa saa. Chukua waya uukunje mara hizo uone kama utabaki mzima.

Najua atatokea fundi hapa aseme 28 inatosha kwa kilowati 5.5. Sawa, inatosha. Kilowati 5.5 kwa mizunguko 2900 ni nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 18 hivi, na mota ya kilowati 4 ya mizunguko 1450 inabeba kama 26 kwa shafti ya 28 hiyohiyo. Lakini hiyo imetoka kiwandani duara, ina kii, na kona yake imelainishwa. Yangu haikuwa na hata kimoja.

Na kinachoniuma zaidi, shafti haikupaswa kuguswa kabisa! Kinachopanuliwa ni kaplingi. Kitovu cha kaplingi yangu ni milimita 65 kwa nje. Ukipanua tundu liwe 38 unabaki na ukuta wa 13 na nusu kila upande, ukikata njia ya kii ya milimita 3.3 bado una kama 10 ya chuma. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mwenye leithi nzima na mashine ya kukata njia ya kii. Na hata ukiiharibu, nusu ya kaplingi inanunulika kwa elfu arobaini na kitu. Wao wameharibu cha laki tisa ili kukiokoa cha elfu arobaini. Ingekuwa kinyume, shafti nyembamba na tundu kubwa, unachonga bushi, yaani bomba fupi la chuma, unaweka katikati, kwisha. Na kama hakuna ujanja, lazima shafti ipunguzwe, basi unatoa nje rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka pamoja na shafti, unaifunga kwenye leithi kati ya ncha mbili, unaacha mviringo kidogo kwenye kona, unakata njia mpya ya kii. Huu ni mji wenye TEMDO na CAMARTEC, taasisi za umma za kubuni mitambo na zana za kilimo, na Chuo cha Ufundi. Maarifa yapo. Kama leithi yako imekufa niambie imekufa, nitampelekea mwingine, wala sitakuchukia.

Nilirudi kudai. Fundi mkuu hata hakukigusa kile kipande. "Mama, mtumba ule, chuma chake kilikuwa kibovu." Nikamwonyesha kona, nikamwonyesha vipimo vya venia, akaniambia ana wateja. Nyanya za mstari wa mbali, zile ambazo maji huzifikia mwisho, zimeangusha maua. Hizo hazinunuliki dukani.

Wadau wa Arusha na Moshi, naomba msaada wa kweli. Waya wa mota ni mzima, beringi nitabadilisha. Mdogo wangu anasema inabidi shafti isukumwe kwa presi, mashine ya kukandamiza, itoke kwenye rota, ichongwe mpya ya 38 kama ya kiwandani, irudishwe, kisha rota ipimwe mlinganyo ili isitetemeke ikizunguka. Nani ana presi ya kutosha na leithi inayofanya kazi? Nitaileta mwenyewe, na nitakaa hapohapo mpaka kazi iishe. Ila kabla sijashusha mota kwenye gari, nataka kwanza niione leithi inazunguka.