Mrejesho: PLC iliyokuwa inajizima vali zikifunguka

Wakuu, niliuliza kwa nini PLC yangu (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) inajiwasha upya kila vali nane zikifunguka pamoja. Kosa ni langu. Nilijumlisha ampea za moduli (vipande vinavyochomekwa kwenye PLC), koili za vali (sumaku za umeme zinazozifungua) nikazisahau kabisa! Nane za wati 12 kwenye volti 24 ni ampea 4. Moduli na sensa zinakula 1.6, jumla 5.6, na pawa saplai ni ya ampea 5 tu. Mita ilionyesha volti zikishuka hadi 18, kufumba na kufumbua.

Sasa vali zina pawa saplai yake, hasi za pawa saplai zote mbili zimeunganishwa, kila koili ina dayodi ya kuzuia mshtuko wa volti inapozimwa. Siku ya kumi, kimya. Moduli za ziada bado sijaongeza: basi ya ndani ya volti 5 (njia ya umeme inayolisha moduli ndani ya PLC) ina kikomo chake, naipigia hesabu kwanza.