Kutoka diskasi hadi matumbawe: tangi la kwanza la maji chumvi, niko Kisauni, Mombasa

TangiLaKisauni

Salamu wenzangu. Samaki wa maji baridi nimefuga tangu niko shule: gapi, moli, oska mmoja mkorofi aliyekuwa akigombana na kidole changu kupitia kioo, na sasa diskasi. Mjomba amenipa tangi la lita 200 lililokuwa limelala stoo, nami nimeshaamua, hili ni la maji chumvi na matumbawe ndani.

Bahari naiona nikipanda darini. Nawaza nichote maji ufuoni, nizoe mchanga, niokote mawe na kuyachemsha kama ninavyochemsha magogo ya diskasi, kisha nihamishie sponji za filta ya zamani ili bakteria waanze kazi. Duka fulani limeniambia samaki naweza kuwatia siku hiyo hiyo. Nina shaka. Na pesa nianze kuzitia wapi, taa au filta?

Fundi_Pampu

Sufuria irudishe jikoni kwanza. Mawe ya baharini hayachemshwi. Kuna vijidude laini vinavyoota juu yake, vya duara kama vifungo vya shati, rangi nzuri ajabu, huitwa zoanthidi. Baadhi yao wana sumu ya palitoksini, na ukichemsha unaivuta na mvuke. Watu wamelazwa hospitali kwa sababu ya jiwe moja.

Halafu mawe hayo si yako. Bahari ya mbele ya Nyali na Bamburi ni hifadhi tangu 1986, na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawana mzaha na mtu aliyebeba ndoo ya matumbawe. Chukua mawe ya machimbo, haya tunayojengea nyumba. Nayo ni matumbawe, ila yalikufa zamani za kale bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Tafuta yenye matundu mengi, yasiyowahi kugusa saruji, uyapasue, uyasugue kwa brashi, uyaloweke mpaka maji yatoke safi.

Sponji waachie diskasi, bakteria wa maji baridi chumvi inawalemaza. Tia kamba mbichi mmoja tangini aoze, awalishe bakteria wapya. Amonia, sumu inayotoka kwenye uozo, itapanda kisha ishuke, nitriti nayo hivyo hivyo, mwisho ibaki nitreti. Hesabu wiki nne hadi sita, na nyumba itanuka, kwa hiyo zungumza na watu wa nyumbani mapema. Huyo wa samaki siku hiyo hiyo anauza samaki, hauzi tangi.

Pesa: mawe ndiyo filta yako. Anza na pampu za kusukuma mkondo, maana tumbawe halitembei kufuata chakula. Taa inaweza kungoja mpaka kamba aishe.

TangiLaKisauni

Shukrani kaka, sufuria nimeirudisha. Je, maji? Ya bomba hapa ni ya kubahatisha, na ya kisima chetu yana chumvi tayari, nikadhani nimepata nafuu!

Bi_Mwani

Pole mdogo wangu, chumvi ya kisima si chumvi ya bahari. Hiyo ya kisima huja na nitreti za vyoo vya mtaa mzima, na mwani utakushukuru.

Mimi niko Kunduchi, Dar. Maji ya bahari natumia, lakini hayachotwi ufuoni. Namlipa mwenye ngalawa anijazie madumu huko nje, maji yakiwa yamejaa, wala si wakati wa masika mito inapomwaga uchafu. Kama huna mtu wa hivyo, nunua chumvi ya matangi na uichanganye na maji ya RO, yaani yaliyochujwa mpaka yasibaki na madini. Wale wanaojaza madumu mtaani wengine huongeza madini, kwa hiyo nenda na kipima TDS, kinachoonyesha vitu vilivyoyeyuka majini. Unataka sifuri au karibu yake. Lenga uzito wa 1.025 ukilinganisha na maji matupu, upime kwa refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi.

Kitakachokuhangaisha sana kwetu huku ni joto. Diskasi wako wanafurahia nyuzi 29 au 30, matumbawe hapo yanaanza kupauka. Lenga 25 au 26. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili tatu bila kununua chila, mashine ya kupoza maji. Lakini maji yatapungua kila siku, na chumvi haiondoki na mvuke. Kwa hiyo unajazia maji ya RO matupu. Ukijazia ya bahari, chumvi inazidi kupanda mpaka kila kitu kife, na utabaki unalaumu taa.

Umeme nao: weka pampu ya hewa ya betri. Pampu zikisimama usiku kucha, samaki wanakosa pumzi kabla hujaamka.

Fundi_Pampu

Bi Mwani kamaliza. Naongeza dawa tu: zile za ugonjwa wa madoa meupe wa samaki, zenye shaba, zisikaribie tangi hili, huua matumbawe, kamba na konokono. Hata ndoo uliyochanganyia, usiitumie.

Ukifika kwenye samaki, chukua klauni wawili wadogo. Yupo wa pwani yetu, Amphiprion allardi, mweusi mwenye mistari miwili myeupe. Hawalazimiki kuwa na anemoni, yule kiumbe mwenye mikono laini wanamojificha, na anemoni usinunue mwaka huu. Hutembea usiku na kuingia kwenye pampu. Mwulize muuzaji kama aliyewavua ana leseni. Akibabaika, ondoka.