Mrejesho: Nimeanza kujitolea maabara ya usingizi

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama mtu asiyesomea afya anaweza kujitolea kwenye maabara ya kupima usingizi. Anaweza, ila ajiandae kukesha.

Niko wiki ya tatu. Namsaidia fundi kumbandika anayepimwa nyaya kichwani, pembeni ya macho, kidevuni na miguuni, kisha mikanda ya kifuani na tumboni, na kibano cha kidoleni cha kupima oksijeni. Kichwa kinapimwa kwa utepe na kutiwa alama kwa penseli, ngozi inasuguliwa, halafu unapaka uji mzito unaonata wa kushikiza nyaya. Ule uji! Asubuhi mtu anaondoka nywele zimegandamana vibaya.

Usiku tunakodolea skrini chumba cha pili. Usingizi unasomwa kwa vipande vya sekunde 30. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi, inahesabiwa. Mara ya kwanza kuona mtu anakoroma, ananyamaza kabisa, kisha anashtuka akitafuta hewa, niliinuka nikamwamshe. Fundi akanivuta shati: "Kaa. Hicho ndicho tunachokitafuta."

Aliyenionya hapa kwamba usingizi wangu mwenyewe utaharibika hakukosea; mchana silali, naugeuza tu mto. Nimeomba zamu zipunguzwe ziwe mbili kwa wiki.